Hesabu ya Kumi na Tano

Wengine husimulia kwamba siku ile nilikaa pale kwa ushujaa. Ushujaa gani! Mimi ni mwoga, na uoga ndio ulionikalisha.

Ilikuwa miaka ya misako. Ukikutwa mjini saa za kazi huna kadi ya kazi, unapakiwa kwenye lori, unapelekwa kijijini kulima. Kiwanda chetu kilishasimama, kadi wameichukua, na mke wangu, mjamzito wa miezi minane, sikuwa nimemwambia. Kila asubuhi namuaga naenda kazini, kumbe naenda mtaa wa Mchafukoge, kucheza drafti barazani kwa mzee mmoja wa Kichaga mwenye duka lisilo na bidhaa.

Siku hiyo mzee alikuwa na kingi tatu, kete zilizokwisha fika mwisho wa ubao, mimi moja. Sheria ya baraza letu: anikamate ndani ya hatua kumi na tano, watazamaji wakihesabu kwa sauti. Zikiisha, sare. Kete ikiliwa, hesabu inaanza upya.

Kwenye tisa sauti zikakatika. Nainua macho, baraza tupu, na mgambo anavuka barabara kuja kwetu. Nikikimbia nimejitangaza.

Akasimama juu ya ubao. Nikangoja aulize kadi.

"Wazee, hatua ya ngapi?"

Kumbe naye ana ugonjwa wa drafti. Mzee akamjibu, tisa. Akaanza kuhesabu yeye: kumi, kumi na moja. Siku zote naiombea kumi na tano ifike; leo naiogopa kama kifo, maana mchezo ukiisha atauliza kadi. Jasho likadondokea vizibo vya soda tulivyochezea.

Kwenye kumi na nne mzee akamtazama mgambo, kisha akanitazama mimi. Mtu yule hajawahi kunipa kete ya bure. Akaisogeza kingi yake mdomoni mwangu.

Drafti ni lazima ule. Nikala. Mgambo akaguna kwamba mzee kaharibu mchezo ulioiva, kisha akasema, "Moja."

Kwenye saba filimbi ikalia upande lilikosimama lori la msako. Akaondoka akigeuka nyuma kutazama ubao.

Mzee akakusanya vizibo. "Kila siku unaondoka saa tisa na nusu, kama mtu anayetoka kazini," akaniambia. "Nenda ukamwambie mkeo."

Nikaenda, nikamwambia yote, nikiogopa kuliko pale barazani. Mke wangu akaweka mikono tumboni.

"Kwa hiyo wangekuchukua, ningezaa," akasema, "sijui hata uko wapi."