Ukuta Unaoporwa Joto

Wiki jana, katika ofisi ya injinia mmoja mjini Kericho, niliona upepo kwa macho yangu. Upepo, jamani! Kompyuta yake ilikuwa imepiga hesabu usiku kucha kwa vipimo vya nyumba ya mkulima wa chai kutoka Silibwet. Mishale ikavuma kwenye skrini, ikagonga nyumba, na ukuta mmoja ukageuka mwekundu.

“Hapa upepo unapora joto,” injinia akasema.

Mkulima akaruka kitini. “Hapo ni chumba cha wageni! Ndio maana ndugu yangu analala na koti!”

“Panda miti upande huo. Upepo ukipungua, joto litabaki ndani.”

“Napanda kesho!”

Mkewe akamshika mkono. “Baba, ngoja kidogo. Ndugu yako alikuja kwa siku mbili, na yuko kwetu tangu Krismasi. Juzi ndio amesema baridi itamrudisha kwake. Wacha aende kwanza, halafu tupande.”

Huku kwetu, hata kumuuliza mgeni ataondoka lini ni aibu. Kumbe upepo hauna haya! Nikamsukumia injinia vipimo vya nyumba yangu. Nina mashemeji wawili, na nataka kujua chumba chenye baridi kuliko vyote.