Siku Niliyovuliwa Udaktari Nkuhungu

Jamani, mnicheke taratibu. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa hapa Nkuhungu. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kutoa elimu na kupeleka wagonjwa zahanati, basi. Lakini Mama Zuhura, mmoja wa ninaowatembelea, alizoea kuniita daktari, nami nikaona jina limenikaa, nikawa naitika.

Juzi kichanga chake, Zuhura, alishikwa na homa kali, nikawasindikiza zahanati. Nesi Magreti, dada ninayemhusudu kwa utulivu wake, alimpima, akasema bila kuona haya, "Hali hii imenizidi. Mwisho wangu ni hapa, apelekwe hospitali sasa hivi."

Nikamheshimu maradufu. Kasoma vile, na bado anaujua mpaka wake!

Mama Zuhura akamkumbatia mtoto. "Siendi popote mpaka daktari wangu aseme."

"Daktari yupi, mama?" nesi akauliza.

Akaninyooshea kidole mbele ya foleni nzima.

Nikamsogelea. "Nisamehe, mama. Mimi siyo daktari. Hata kidonge siruhusiwi kukuandikia. Msikilize nesi, nenda."

Akakimbilia bajaji na mwanawe, kisha akageuka. "Sasa mbona ulikuwa unaitika?"