Hezekiah Logedi na Hesabu ya Mahatta

Jumatatu, tarehe 20 Januari 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Hezekiah Logedi aliandika katika daftari lake kwamba stesheni ya Mahatta ilikuwa na watu kumi na wanne: wanaume watano, yeye mwenyewe akiwamo, na wanawake tisa. Wanaume aliwahesabu kwa macho. Idadi ya wanawake aliipata kwa kuuliza mlangoni.

Mahatta ni neno la Kiarabu lenye maana ya stesheni, na wakazi wa kitongoji kile cha kusini mashariki mwa Riyadh hawakuwahi kuipa jina jingine. Ni jengo refu la mawe, lisilo na ghorofa, lenye jukwaa mbele na reli ya pembeni nyuma. Kwa miaka mingi makarani na askari walipandia hapo treni ya asubuhi kwenda kazini mjini, wakarudi nayo jioni. Kisha barabara ikapanuliwa, treni ikaacha kusimama, madirisha yakazibwa kwa mbao. Sasa kampuni moja ilikuwa imepewa kazi ya kuisafisha ili ifunguliwe tena, nusu yake kwa abiria, nusu kwa makumbusho. Mabehewa mawili ya zamani, yaliyokaa nyuma ya jengo, yalitakiwa yavutwe na kuletwa jukwaani siku hiyo kabla ya wageni wa idara ya reli kufika.

Kazi ya Hezekiah ilikuwa bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Gurudumu halikuruhusiwa kusogea kabla yeye hajainua ile ya kijani.

Alizaliwa Maragoli mwaka 1963, akaajiriwa na shirika la reli akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Mwaka 1991 alikuwa mshika bendera katika stesheni ndogo nje ya Nairobi, ya treni za wafanyakazi wa kila siku. Asubuhi moja aliuliza kama wafagiaji wote wameshuka, nyapara wao akajibu kwamba wameshuka wote, naye akainua bendera. Hawakuwa wameshuka wote. Aliyebaki alizikwa Jumamosi iliyofuata. Tangu hapo Hezekiah alijiwekea kanuni kwamba mtu hahesabiwi kwa mdomo wa mwenzake. Alipunguzwa kazi mwaka 2006, akaja Jeddah mwaka 2013, akalinda ghala moja mtaa wa Ruwais kwa miaka tisa, akahamia Riyadh. Aliishi Malaz, chumba kimoja na wenzake watatu. Katika miaka hiyo yote hakuivunja kanuni yake. Aliivunja asubuhi ile.

Aliivunja kwa sababu ya mlango. Wanawake walikuwa na basi lao, na walikwisha kuingia katika chumba cha zamani cha kungojea wanawake alipofika. Wanaume hawakuingia humo. Mlango wa nyuma wa chumba ulifungukia reli ya pembeni, na kampuni ilikuwa imetundika turubai huko ili wafanye kazi bila kutazamwa. Hezekiah alibisha mlango wa mbele.

"Mama Njoki, mko wangapi humo?"

"Tisa, Mzee," alijibu msimamizi wao.

Huyo alikuwa Wambui Gichuru wa Murang'a, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani kwa miaka minane katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Malqa kabla ya kuhamishia kampuni hii ikama yake, kibali cha kuishi nchini.

Saa nne na robo wanawake walitoka kwa mlango ule ule wa mbele, wakiwa na ndoo na fagio. Hezekiah alisimama kando akawahesabu kwa kidole kilichofichwa nyuma ya mgongo, maana alijua kwamba wengi hawapendi kuelekezewa kidole. Wakapita tisa.

Yassir, msimamizi wa kazi, kijana wa Unguja, alikuja akitazama saa.

"Mzee wangu, yalla. Wageni saa tano, na mabehewa bado yamejificha nyuma kama biharusi."

"Treni haina haraka, Yassir. Mwenye haraka ni mtu."

"Basi mtu huyo ndiye mimi. Kina mama wametoka?"

"Nimeandika tisa, wametoka tisa."

"Halas. Inua bendera yako, tuishi."

Hezekiah akaenda pembe ya jengo, mahali ambapo dereva angemwona, akainua bendera ya kijani. Injini, iliyokuwa hatua arobaini kutoka kwenye mabehewa, ikapiga honi na kuanza kurudi nyuma polepole.

Jukwaani Wambui alikuwa akimimina chai. Vikombe hakuvihesabu, alivipanga juu ya benchi huku akitaja majina kimoyomoyo, kikombe kwa jina. Kila mmoja alipochukua chake, kimoja kilibaki.

"Serah yuko wapi?"

"Si alikuwa nyuma yako?"

"Alisema anamalizia magurudumu."

Wambui alikwenda pembeni mwa jengo na kile kikombe mkononi. Hakukimbia, kwa sababu kilikuwa kimejaa.

"Mzee, simamisha hiyo kitu."

"Wametimia, mama. Tisa."

"Si tisa ya hivyo. Ni tisa iliyojaa."

"Tisa ni tisa."

"Imejaa, Mzee. Imejaa."

Hezekiah alimtazama. Injini ilikuwa imekwisha kupita nusu ya njia yake.

"Mama Njoki, sema namba."

Wambui aliwageukia wenzake waliokuwa wamemfuata, kisha akamgeukia tena.

"Kumi," alisema.

Bendera nyekundu ilipanda. Injini ilisimama hatua mbili kutoka kwenye behewa la kwanza. Hezekiah alizipima baadaye kwa miguu yake. Chini ya behewa la pili alikuwa Serah Mutheu wa Machakos, msichana wa miaka ishirini na minne, amelala juu ya katoni, akifuta gurudumu huku akisikiliza mahubiri kwa visikizio. Alitoka baada ya Wambui kumvuta mguu.

"Mbona mmesimama kama watu wa matanga?"

"Kunywa chai."

"Nimebakisha gurudumu moja tu."

"Kunywa chai, Serah."

Alikunywa, akasema imepoa.

Mabehewa yaliletwa jukwaani saa tano kasorobo. Wageni walipiga picha, wakaondoka. Adhuhuri Hezekiah alimkuta Wambui ameketi kwenye benchi.

"Uliniambia tisa, mama."

"Nyanya yangu hakuwahi kuhesabu watu mpaka mwisho. Kumi ya watu kwetu ni tisa iliyojaa. Kisichohesabiwa hakipungui, ndivyo alivyosema."

"Hukusema iliyojaa."

"Kwetu hakuna haja ya kusema."

"Mimi si wa kwenu. Mimi ni Mmaragoli."

"Na mama yako aliwahesabu ninyi?"

Hezekiah alifikiri.

"Hapana. Alihesabu vikombe."

"Basi unanikasirikia nini?"

"Sijakasirika. Nakuuliza."

Yassir alikuja na fomu ya taarifa ya tukio. Alishauri iandikwe kwamba msimamizi wa wanawake alitoa idadi ya uongo. Kampuni ingemrudisha kwao, na jambo lingekwisha. Hezekiah aliichukua fomu, akaandika kwa herufi zilizotenganishwa: Kosa ni kuuliza hesabu mlangoni badala ya kuiona. Mwenye kosa ni H. Logedi.

"Mzee wangu, watakunyang'anya bendera."

"Hunyang'anywa mtu anayestahili."

Bendera zilichukuliwa Jumapili iliyofuata, akapewa kijana mwingine. Hezekiah aliachwa awe bawabu wa lango. Katika wiki yake ya kwanza langoni alikata vifuniko vya makopo vikawa vibati, akavipigia majina kwa msumari, akapigilia ubao wenye kulabu karibu na mlango wa wanawake. Aingiaye huchukua kibati chake, atokaye hukirudisha. Kulabu ikiwa tupu, treni husubiri. Mshika bendera mpya husoma ubao, wala hamuulizi mtu yeyote namba. Wambui aliutazama ubao ule siku ya kwanza, akavigusa vibati kimoja kimoja, akataja majina yote. Hakutaja jumla.

Stesheni ilifunguliwa mwezi Machi. Kufikia tarehe 30 Aprili, wanawake wanne walikuwa wamepelekwa Jeddah kusafisha hoteli, watatu wamerudi Kenya mikataba yao ilipokwisha, na mmoja amepata kazi ya nyumbani Al-Malqa. Yassir na wanaume wengine watatu walihamishiwa kazi nyingine kaskazini mwa mji. Vibati vinane havichukuliwi tena, lakini Hezekiah hajaviondoa ubaoni.

Waliobaki Mahatta kati ya watu wa asubuhi ile: Wambui Gichuru, msimamizi, Serah Mutheu, msafishaji, Hezekiah Logedi, bawabu. Watu watatu.