Kinyozi wa Ruiru anayewafuata wagonjwa kitandani kila Jumatatu

Saa tatu kasoro asubuhi, Jumatatu. Protus Barasa anashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba za kupangisha huko Murera, begi jeusi akiwa amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Kabla hajabisha, mama anayeanika nguo uani anaacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. Analitazama begi, kisha anamtazama yeye.

"Ngai, ni nani ametuacha?" anauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu ameenda mahali, mama. Nimekuja kunyoa," anajibu Barasa.

Mama huyo, aliyejitambulisha baadaye kama Tabby, amehamia hapa juzi juzi tu na haonekani kuamini. Barasa hakasiriki. Wengi hawajawahi kumwona kinyozi akiingia nyumbani kwa mtu isipokuwa kuna maiti ya kutayarishwa, na yeye huulizwa swali hilo walau mara mbili kwa mwezi.

Barasa, 41, ana kibanda cha kinyozi karibu na stesheni ya reli mjini Ruiru. Siku sita za wiki hunyoa kwa Sh100 mtu mzima na Sh50 mtoto, na Jumamosi ikinoga hurudi nyumbani na Sh2,500. Jumatatu hufunga mlango. Siku hiyo huzunguka Ruiru, Murera na Juja akiwanyoa bure wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Kwa sasa anao kumi na wanne, na huwagawa, nusu wiki hii na nusu wiki ijayo.

"Jumatatu kazi ya kinyozi huwa baridi, watu wote wamenyoa wikendi. Ningefungua ningepata labda mia sita. Sasa mia sita ni nini?" anasema, kisha anajijibu mwenyewe. "Ni unga na sukari, najua. Bibi yangu hunikumbusha kila Jumatatu."

Kazi hii hakuipanga. Miaka minne iliyopita, mteja wake mmoja, Mzee Kang'ethe, aliyekuwa akija Ijumaa moja baada ya nyingine bila kukosa, alipotea. Barasa aliuliza, akaambiwa mzee amepata kiharusi na yuko nyumbani hajiwezi. Akachukua mashine yake akaenda, akidhani ni shughuli ya dakika kumi. Ilimchukua saa nzima.

Siku hiyo alimkuta huko Rachael Wakonyo, muuguzi wa Mkono wa Jirani, shirika dogo la hisani lenye ofisi mjini Thika ambalo huwahudumia wagonjwa majumbani. Barasa alipoinua kichwa cha mzee ili anyoe kisogo, akasita. Nyuma ya sikio kulikuwa na kidonda ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, hata Wakonyo mwenyewe.

"Familia zinamlisha mgonjwa, zinampanguza, zinambadilisha nguo. Lakini kisogo nani huangalia? Mtu amelalia hapo mchana na usiku," anasema muuguzi huyo. "Kinyozi lazima aangalie. Nikamwambia, wewe sikuachi."

Wakonyo alimfundisha kuvaa glavu, kupangusa mashine kwa spiriti kila anapomaliza mgonjwa mmoja, na kutogusa kidonda hata kwa kidole. La mwisho lilikuwa jepesi kuliko yote: akiona kitu, apige simu siku hiyo hiyo. Hilo jepesi ndilo Barasa aliwahi kulivunja, na ilitokea hapa Murera, katika nyumba hii anayobisha sasa.

Anayefungua ni Viola, mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo Ruiru, ambaye huomba zamu ya mchana kinyozi anapokuja. Mama yake, Anjelina Nekoye, 73, amelala karibu na dirisha. Kiharusi kilimpata huko Kimilili mwaka juzi, na Viola akamleta kwake kwa sababu ndugu zake wote wametawanyika.

"Mulembe, Mayi," Barasa anamwamkia kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Yeye ni mzaliwa wa Chwele, si mbali na Kimilili.

"Mulembe, papa. Umechelewa," anasema mama huyo. Maneno yanatoka taratibu, upande mmoja wa mdomo ukiachwa nyuma kidogo na mwenzake.

Barasa anatandika shuka chini ya shingo yake, anapuliza vumbi kwenye mashine na kuijaribu kwanza mkononi mwake asije akamshtua mgonjwa kwa baridi. Kisogo cha Mama Nekoye ni safi. Katikati kuna kovu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na nywele fupi nyeupe zimeanza kulifunika. Barasa anaupitisha ubapa wa kidole chake kulizunguka, polepole. Kila anapokuja hulipima hivyo.

Siku ya kwanza alipofika hapa, Machi mwaka jana, kovu hilo lilikuwa kidonda. Aliona nywele zimegandamana na kunusa harufu asiyoipenda. Akamwambia Viola kwamba nywele zitolewe. Viola akakataa katakata.

Sababu yake Barasa aliijua kabla hajaambiwa. Katika familia ya kina Viola, kama ilivyo katika ile ya Barasa, kichwa chote hunyolewa matanga yanapokwisha. Wanaobaki ndio wanaonyolewa, kwa hiyo kunyoa kichwa kabla ya matanga ni kuyaita. Viola alikuwa amempigia simu shangazi yake wa Kimilili kuomba ushauri, na shangazi hakumung'unya maneno.

"Aliniambia nikimnyoa mama akiwa anapumua nimeshamzika," anakumbuka Viola. "Na ingekuwa mimi peke yangu wa kulaumiwa huko nyumbani. Nilikuwa naogopa, sitakudanganya."

Kinyozi mwingine wa Ruiru angebisha. Barasa hakubisha. Alimkata Mama Nekoye kucha, akampaka mafuta miguuni, akasema wataona wiki zijazo. Hakumpigia Wakonyo simu.

"Nilinyamaza kwa sababu mimi pia ni wa huko," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Nilijiambia, hii ni mambo ya kwetu, huyu sister Wakonyo hawezi kuelewa. Pia nilijifikiria. Huyu mama akienda baada ya mimi kumnyoa, watasema ni Barasa alimmaliza. Jina yangu ingefika Chwele kabla yangu. Hiyo ndiyo ukweli."

Wiki mbili baadaye Mama Nekoye alikuwa na homa na hataki chakula. Kidonda kilikuwa kimechimba. Wakonyo aliitwa na Viola, akafika, akauliza ni nani aliyemwona mgonjwa mara ya mwisho.

"Nilimuuliza Barasa, uliona na ukaenda?" anasema muuguzi huyo. "Hakujitetea. Alisema ndiyo. Nikamwambia hizo nywele zisipotoka leo, huyu mama hatamaliza mwezi."

Kwa hiyo ikawa hivi: nywele zikibaki, mama anakufa. Zikitolewa na bado afe, Viola hataweza kurudi kwao, wala Barasa. Waliketi chumbani wote watatu, kinyozi, muuguzi na binti, wakijadiliana juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa amelala hapo hapo akiwasikia.

Barasa ndiye aliyegutuka. "Nikaona sisi ni wajinga. Tangu tuanze, hakuna mtu amemuuliza mwenyewe."

Akapiga magoti kando ya kitanda na kumuuliza kwa Kibukusu kama angependa anyolewe.

Viola anayakumbuka maneno ya mama yake moja moja. "Alisema, mimi nilinyolewa tulipomzika baba yenu, hizo zilikuwa nywele za kilio. Hizi ni za kidonda. Toa za nyuma. Za mbele uniwachie, mimi si maiti."

Barasa akanyoa kisogo tu, Viola akishika beseni na Wakonyo akisafisha nyuma yake hatua kwa hatua. Kinyozi huyo, ambaye amewahi kunyoa watoto wanaopiga mateke, alizima mashine mara mbili kabla ya kumaliza. Walipomaliza alitoka nje akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na haoni haya kusema kwamba alilia.

Jumatatu iliyofuata alirudi na Cindy, msusi mwenye saluni iliyopakana na kibanda chake. Cindy alizisuka zile nywele za mbele mistari sita, ili mgeni yeyote kutoka Kimilili akiingia akute mtu aliyesukwa. Mtu wa kuzikwa hasukwi.

"Barasa alinidanganya ni kazi ya nusu saa," anacheka Cindy. "Sasa niko na wamama wanne wananingoja. Mmoja wa Juja ananiambia mistari yangu imepinda, na yeye hata kioo hana."

Kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Shangazi wa Kimilili alikuja Agosti, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akauliza msusi ni nani. Ya kuzika hayakutajwa tena.

Ukimuuliza Barasa kwa nini anakubali kupoteza Jumatatu zake, kwanza atakuzungusha. Atataja wateja, atataja kanisa. Ukitulia atakwambia habari za baba yake, fundi wa baiskeli huko Chwele, aliyeugua miezi saba mwaka 2016 wakati mwanawe yuko Ruiru akinyoa watu wengine. Barasa alituma pesa. Nauli alikuwa nayo pia, lakini kila wiki alisema wiki ijayo.

"Nilimkuta kwa jeneza, amenyolewa na mtu wa mochari. Vibaya. Chini ya taya ya kushoto walimwachia ndevu hivi," anasema akionyesha kwa kidole. "Nilikuwa na wembe kwa mfuko. Wazee wakasema wacha, tumechelewa. Mimi kinyozi, na baba yangu akaenda hivyo."

Mwezi uliopita, Mkono wa Jirani liliandaa hafla katika ukumbi mmoja mjini Thika kuwatambua wahudumu wa kujitolea kumi na wawili. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kinyozi mwenye akili timamu haondoki kibandani. Barasa alifika hafla ikikaribia kwisha, nywele za wateja zikiwa bado kwenye kola yake. Mwenye kipaza sauti alimwita mtoa huduma za usafi wa kibinafsi. Cheti chake sasa kinaning'inia chini ya picha za mitindo ya kunyoa, na wateja wengi wanadhani ni leseni ya kaunti.

Alichokitumia cheti hicho ni kuwaomba viongozi wa shirika wamruhusu kuwafundisha vinyozi wenzake. Kumi na mmoja kutoka Thika, Juja na Ruiru wamekubali kutoa Jumatatu mbili kwa mwezi, na mafunzo yanaanza wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Kunyoa wanajua, anasema. Atakachowafundisha ni kumuuliza mgonjwa kwanza, na kupiga simu siku hiyo hiyo hata kama wanaogopa. Atawaambia pia kosa lake, na jina la mwenye kidonda ameshaomba ruhusa ya kulitaja.

Amemaliza sasa. Anampangusa Mama Nekoye shingo kwa brashi yenye poda na kumshikia kioo. Mama anajitazama kwa makini, kisha anakisukuma kioo kando kwa mkono wake mzima.

"Papa, siku yangu ikifika, sitaki mtu wa mochari anishike kichwa. Unitengeneze wewe. Na matanga yakiisha, hawa watoto wangu utawanyoa wewe."

"Mayi, wacha hiyo maneno," anasema Viola.

"Naongea na kinyozi."

Barasa anainama juu ya begi lake. Anazungusha waya wa mashine mkononi, anaufungua, anauzungusha upya. Kwa wanaojua desturi za kwao, ombi hilo hupewa mtu wa nyumbani, na hakuna cheti cha Thika kinacholikaribia. Anapoinua uso macho yake ni mekundu, lakini anatabasamu.

"Nimekubali, Mayi," anasema. "Lakini hiyo kazi uniitie pole pole. Jumatatu zangu zote zimejaa, na wewe uko kwa orodha."

Mama Nekoye anacheka kwa nusu ya uso. Kisha anamkumbusha kwamba wiki mbili zijazo asichelewe tena, na aje na Cindy, kwa sababu mistari ya mbele imeanza kulegea.