Namba ya Daktari Aliyezikwa

Siamini mizimu, na wanaoiamini hunichosha. Kazi yangu ni simu. Masika ile niliunganisha mtambo wa simu wa hospitali yetu ya Mbinga na ule wa kituo cha afya kule chini ziwani, upande wa Ngumbo, ili mkunga wa kule apige namba fupi tu ampate mtu wa huku juu. Mkunga huyo ni rika la mama yangu. Nilipokwenda kumfungia simu alinilisha usipa, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, akanitania kwamba watu wa nyaya hawanenepi.

Ofisi iliniagiza nifute namba ya daktari wetu mzee, aliyekuwa amezikwa majuma machache nyuma. Nikaifuta. Mitambo yote miwili ilikuwa na kanuni moja: namba usiyoijua, mpelekee mwenzako.

Alasiri moja ukungu ulishuka hadi madirishani. Nikaona taa za laini zinawaka moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa nyekundu, wala hakuna simu iliyokuwa ikilia popote. Nikatazama kwenye kompyuta. Ilikuwa simu moja tu, kutoka ziwani, inamtafuta daktari. Mtambo wa huku ulisema hayupo, muulize wa ziwani. Wa ziwani ukasema hayupo, muulize wa Mbinga, na kila ikirushwa ilishika laini nyingine. Kule chini mtu alihitaji msaada, na laini zote zilikuwa zimeshikwa na marehemu.

Nikaielekeza namba ile kwenye simu ya mezani kwangu. Ikalia papo hapo.

“Shikamoo, daktari,” alisema mkunga, akihema. “Kuna mama amejifungua, damu haikatiki. Naomba gari.”

Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo siku ya mazishi. Mazoea yana taabu, nikajua ni mkono wake tu uliobonyeza. Lakini hiyo shikamoo? Mtu anayeweza kunizaa ananiamkia, nami niliogopa kwamba nikimsahihisha atakata simu, na laini isipatikane tena.

“Marahaba,” nikasema. “Gari linatoka sasa hivi. Usimwache.”

“Asante, daktari. Nilijua utapokea.”

Mzazi yule alifikishwa hai, na mtoto wake. Siku chache baadaye nilimpigia mkunga, nikamwamkia, nikamwomba radhi: aliyepokea siku ile nilikuwa mimi.



“Mwanangu,” akasema, “wewe sauti yako naijua. Ya siku ile haikuwa yako.”