Hodi ya Eli katika wimbo wa mwisho

Akili yangu inagoma jamani. Jumapili kanipigia simu, Jumanne tunamtia mchangani.

Wateja wangu wa mkate wa kumimina, leo msiniulize oda. Leo naandika habari za Eli, mpangaji wangu wa chumba cha uani hapa Raskazone, yule kijana mrefu aliyekuwa anawafungulia geti na gita mgongoni. Mpangaji lilikuwa jina tu. Miaka sita alikuwa mwanangu.

Siku aliyohamia alikuja na godoro moja na sanduku zima la santuri. Zilikuwa za marehemu baba yake, fundi wa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, kwenye shamba la mkonge kule Muheza. Bosi wake Mzungu alimwachia zote alipokuwa anarudi kwao.

Roki ya Waingereza ya miaka ya sabini! Wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Nasaga mchele, nakamua tui, naosha masufuria, bado wako kwenye wimbo ule ule.

"Eli, hawa watu hawachoki?"

"Mama, hiyo ndiyo progressive rock. Hawana haraka."

Baadaye akaanza kutunga za kwake, za namna hiyo hiyo, yeye na Kassimu mpiga drams. Nikawauliza, mbona muziki wenu unachechemea?

"Unahesabiwa kwa mapigo saba, mama. Korona ya baba ilikuwa inagonga hivyo."

Kassimu akacheka, "Mama Zuhura, na wewe mwiko wako siku hizi unakoroga kwa saba." Kha! Nikatazama mkono wangu, kweli.

Albamu yao inaitwa Mji Usioitika. Ni hadithi moja mwanzo mpaka mwisho. Mtu karudi kwao baada ya miaka mingi, kakuta mji umebaki kuta, kama yale magofu ya Tongoni. Anapita mlango kwa mlango anapiga hodi, hakuna anayeitika. Nyumba ya mwisho anapiga hodi tatu. Hapo ndipo Eli aliponitaka mimi. Niitikie neno moja tu: karibu.

Hodi zenyewe alizirekodi kwenye mlango wangu wa jikoni, siku nimeenda sokoni.

Akanivalisha hedifoni. Saa saba mchana, jua la utosini. Nikasikia, "Hodi." Sauti yake, inatoka nyuma yangu, mlangoni kwangu. Nikageuka. Mlango mtupu. Na Eli huyu hapa mbele yangu, kafunga mdomo, ananitazama!

Nikazivua mbio. Mama yangu alinilea hivi: ukisikia hodi na mtu humuoni, nyamaza, hujui unamkaribisha nani. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, hili siwezi."

"Hamna shida mama. Nafasi yako naiacha wazi."

Ikawa utani wetu. Akipita jikoni, "Mama, yule mtu bado yuko nje, jua linamchoma." Namjibu, "Mwambie aende kwa jirani."

Jumapili alikuwa anarudi kutoka Mombasa kwenye mixing, kuzichanganya sauti za albamu. Mnanijua, mtu wangu akisafiri sikai, lazima nijue kafika wapi. Saa saba na nusu akapiga akiwa Horohoro. "Shikamoo mama. Nimeshagongewa pasi, nimevuka. Saa tisa niko hapo, nibakizie mkate."

Saa tisa niko jikoni, nimeupa mlango mgongo, mikono imejaa tui.

"Hodi."

Eli. Sauti yake kabisa. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu.

Sikuitikia. Nilisema ninawe kwanza, nitoke nimuone. Nikatoka. Uani hakuna mtu. Geti lina komeo kwa ndani. Kuku wangu wote wamesimama, wanatazama mlango wa jikoni.

Simu ikaita. Dereva wa gari alilopanda. Eli alianguka pale pale mpakani kabla gari halijaondoka. Moyo. Saa nane alikuwa ameshatutoka.

Mtaniambia ni upepo, ni masikio ya mama mwenye wasiwasi. Sawa, semeni. Mimi ninachojua ni kwamba nilimwacha mtoto wa watu nje mara mbili.

Jana Kassimu kaja na laptop. "Mama, albamu inatoka Ijumaa. Tuiache hivi, yule mtu abaki nje? Hatukulazimishi."

Nikavaa hedifoni, na yeye akavaa zake. Safari hii sikugeuka. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu haijaisha nikasema, "Karibu, baba. Karibu ndani."

Siku zote walikuwa wakifika hapo wanazima, wanajua zamu iliyobaki ni yangu. Jana Kassimu alikuwa analia, akasahau kuzima. Kimya kikaenda. Nikajikuta nahesabu, moja mpaka saba.

Halafu mlango wangu ukalia, ule mlio wake mnaoujua. Kandambili ikavuliwa, na ya pili. Kigoda changu kikaburutwa. Mtu akakaa, akashusha pumzi ndefu.

Kassimu akageuka kukitazama kigoda. Na mimi nikageuka. Kilikuwa ukutani, hakuna aliyekigusa.

Kumbe siku ile ya soko alirekodi mpaka kuingia kwake. Sijamkaribisha, ameshaingia, ameshakaa. Alijua iko siku nitaitikia.

Eli, mkate wako uko chini ya kawa. Kandambili zako nimeziacha hapo hapo mlangoni, sizitoi. Nilikuchelewesha juani mwanangu, nisamehe mama yako na woga wake.

Umeshaingia sasa. Lala, baba. Humu ndani ni salama.