Nilivyotafuna Kazi ya Binti Yangu

Mimi ni katekista mstaafu wa Muleba, na wiki iliyopita nilimwaibisha binti yangu Koku mbele ya wageni wake mjini Bukoba.

Koku ni msanii. Katika ukumbi wa maonyesho alijenga chumba kizima cha udongo na mabati chakavu, mfano wa vile walivyojijengea kule Buhembe, pembeni mwa mji, watu waliotoka vijijini kwetu. Nikaingia, nikavua kofia, nikaketi. Mbele yangu palikuwa na kikapu cha buni kavu za kahawa, zile anazopewa mgeni atafune. Kwetu mgeni hakatai buni. Nikamshukuru Mungu, nikatafuna. Zilikuwa ngumu kama kokoto, lakini nilivumilia. Nikawaita na wazee wenzangu wawili niliokuja nao, tukazimaliza.

Koku akaingia na wageni, akashika kichwa.

"Taata! Buni ziko wapi?"

"Tumekula, mwanangu. Asante sana."

"Taata, kila moja ilitoka kwa mtu wa Buhembe! Aliibeba siku aliyoondoka kwao, akaitunza miaka yote. Hizo ndizo nilizowaitia watu waje kuziona!"

Wageni wote wakanitazama mdomoni. Nilikuwa bado natafuna ya mwisho.